Ukitaka Ofisi Ikusikie, Anza na Karatasi

Babu yangu wa Kibosho alikuwa na kopo la biskuti ambalo sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa. Tulijua mna pipi. Alipofariki tukalifungua, tukakuta risiti za kahawa. Kila mzigo aliopeleka chama cha msingi, kila malipo ya kwanza na ya pili, stakabadhi za kodi, na barua mbili zenye muhuri uliofifia. Babu alisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini karani wa mizani akikosea uzito, babu hakugombana naye pale mbele za watu. Alirudi nyumbani, akafungua kopo, akashuka tena na karatasi yake mkononi.

Wazee wa kizazi chake walilelewa na ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliundwa mwaka 1933, na kabla yake, mwaka 1925, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wameshaanzisha chama cha kulinda zao lao. Katika chama mtu anajifunza mapema kwamba ana haki ya kuuliza hesabu, na kwamba anayeuliza hesabu aje na yake.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Natoa nakala, nachapa barua, nauza madaftari. Kazi hii inanipa nafasi ya kusikia maoni ya watu kutwa nzima, maana mtu akisubiri nakala zake lazima aongee. Mwezi Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka, wanaongea ripoti ya CAG. Juni bajeti ikisomwa Dodoma, wanaongea bajeti. Uwanja wa AFCON 2027 kule Arusha unajadiliwa dukani kwangu utadhani mafundi wake wanalala chumba cha nyuma. Na wanaongea vizuri, kwa hoja, kwa uchungu wa nchi yao.

Sasa muulize mtu huyohuyo: mtendaji wa mtaa wako ni nani? Mkutano wa mwisho wa mtaa ulikuwa lini? Ile pesa ya ulinzi shirikishi unayotoa kila mwezi inasomwa wapi? Hapo kunakuwa kimya, unasikia mashine tu.

Sisemi hivyo kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo mpaka mwaka 2021, na ninachoandika hapa ni yale niliyojifunza tangu hapo, mengine kwa gharama.

Ilianza na LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mnakumbuka Agosti 2021, kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye umeme. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Wakati huo nilikuwa napanga. Nyumba moja, wapangaji watatu, mita moja. Kodi inakatwa mara moja kwa mwezi, na anayekatwa ni yule atakayenunua umeme wa kwanza mwezi ule. Basi tarehe moja ikifika tukawa tunategeana. Umeme unabaki uniti mbili, kila mmoja anajifanya hana habari, usiku tunapikia tochi ya simu. Majirani tulioishi vizuri miaka minne tukaanza kununiana kwa ajili ya shilingi 1,000 ambayo hata haikuwa deni letu.

Maana haikuwa deni letu kweli. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili. Kodi ya pango analipa mpangaji. Kodi ya jengo inamhusu mwenye jengo. Serikali ilieleza tangu mwanzo kwamba mpangaji akikatwa kwenye LUKU akubaliane na mwenye nyumba arudishiwe au apunguziwe kwenye pango. Maelezo hayo yalisomwa redioni, yaliandikwa magazetini. Lakini sisi tulikuwa tumeshasikia nusu ya kwanza ya habari, tukakasirika, tukazima redio.

Nilipokuja kuisikia nusu ya pili nilikumbuka kopo la babu. Nikachukua daftari la kurasa 48 kutoka dukani kwangu. Kila aliyenunua umeme akakatwa, nikaandika tarehe, jina, kiasi, na ule ujumbe wa LUKU tukautunza kwenye simu. Ujumbe ule ukiusoma kwa makini unakuchambulia kila kitu: umeme wenyewe, VAT, wakati ule asilimia 18, tozo ya EWURA wanaodhibiti nishati na maji asilimia 1, ya REA wa umeme vijijini asilimia 3, na lile kato la jengo. Watu wengi wananakili namba za tokeni tu, basi.

Mwaka ulipotimia tukaenda kwa mwenye nyumba, mzee wa watu wa Machame, mkali lakini si mdhulumati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umeleta kodi?"

"Nimeleta kodi, mzee, na nimeleta na daftari."

Akavaa miwani. Akasema yale mambo ni ya serikali na yeye hayamhusu. Sikubishana. Nikamfungulia ukurasa: miezi 12, shilingi 12,000, majina ya waliokatwa, ujumbe mmoja mmoja kwenye simu. Akasoma polepole na kidole, mstari kwa mstari, kama babu. Mwisho akasema, "Sasa hii ni hesabu. Wenzako walikuja na kelele." Akatukata 12,000 kwenye pango la robo ile. Julai 2023 kiwango kilipopanda kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, ni yeye aliyenipigia simu kuuliza kama daftari bado lipo.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Habari ya serikali ikikugusa mfukoni, isome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kisha ishushe mpaka kwenye risiti yako mwenyewe. Usiishie kwenye kichwa cha habari wala kwenye mdomo wa mtu aliyesikia kwa mtu. Tafuta mambo matatu: inaanza lini, kiasi gani, na anayetakiwa kulipa hasa ni nani. Ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ni mfano mzuri. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule kwa sababu watu walisema, na ikaendelea kubadilishwa baadaye. Lakini mpaka mwaka juzi nilikuwa na wateja wanaonieleza viwango vya siku ya kwanza, kwa hasira ileile ya siku ya kwanza. Ukimpelekea diwani au mbunge hoja yenye takwimu zilizokwisha kubadilika, anakujibu kwa sentensi moja na hoja yako nzuri inakufa hapohapo.

Kuna kosa moja ambalo bado linaniuma, nalo linahusu habari pia. Oktoba 2021, wakati machinga wanapangwa upya mijini nchi nzima, kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa iliingia sauti ya mtu asiyejulikana, anahema, anasema kesho alfajiri wafanyabiashara wa eneo fulani la soko wataondolewa na mali itakayokutwa itachukuliwa. Nikaisambaza. Nilidhani nawasaidia watu. Mama mmoja aliyekuwa ananunua bahasha kwangu, muuza nyanya, aliipata kutoka kwangu. Jioni ile akauza tenga zima kwa bei ya kutupa ili asikutwe na mali. Kesho yake hakuna aliyeondolewa mahali pale. Nilimwendea, nikamwomba radhi, akanisamehe kwa mdomo. Lakini hela ile ilikuwa ya marejesho ya kikoba, na Jumamosi alikaa kwenye kikao bila kitu mkononi.

Tangu siku hiyo sisambazi tangazo lisilo na jina la ofisi, tarehe na muhuri. Nikipata sauti ya namna ile, nampigia mtendaji wa kata. Namba yake ninayo, na wewe uwe nayo. Hapokei kila mara, lakini akipokea ananiambia ndiyo au hapana, na dakika mbili zile zinatosha kumwokoa mtu tenga la nyanya.

Sasa mtaro, ambao ndio umenifundisha zaidi.

Wanaokaa kusini mwa mji huu wanajua. Mvua si lazima inyeshe kwako. Inanyesha Uru, inanyesha Kibosho, wewe huku jua linawaka, umeanika nguo, halafu unasikia mtaro unaunguruma. Maji ya mlima yote yanatafuta njia ya kushuka, na njia mojawapo inapita mwisho wa mtaa wetu chini ya kalavati mbili nyembamba. Masika ya 2023 moja iliziba kwa tope na chupa, nyingine ukingo wake ukabomoka. Maji yakaingia nyumba nne. Yakaingia na kwangu, kwenye chumba nilichoweka mzigo wa madaftari ya Januari. Nilikaa usiku kucha nanyanyua maboksi, na mengine hayakunyanyuka tena.

Tulilalamika sana, wiki tatu. Kijiweni kwa muuza kahawa, kwenye kundi, dukani kwangu, kwenye daladala. Tuliilaumu serikali yote kwa pamoja, kuanzia balozi wa nyumba kumi mpaka Dodoma. Siku moja mzee mmoja mstaafu aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama, hayo yote umemwambia nani?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeshawaambia watu kama mia mbili, na kati yao hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuleta greda.

Nikaandika barua. Nikaipeleka ofisi moja, nikampa kijana wa mapokezi, nikaondoka nimefurahi. Baada ya wiki tatu narudi, barua haipo. Aliipokea nani? Sijui jina. Imeandikishwa? Haikuonekana kwenye rejesta. Nakala yangu? Sikuwa nayo. Mimi ninayeishi kwa kutoa nakala! Tena baadaye nikagundua kwamba hata ile ofisi haikuwa mwenye shauri.

Kwa hiyo jambo hili lishike vizuri: kabla ya kulalamika, jua shauri ni la nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani na mitaro yake na kalavati zake, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA, ingawa watu bado wanamfuata mkurugenzi wa manispaa. Uzoaji wa taka, masoko, zahanati na madarasa ya shule za serikali, hizo ni za halmashauri. Bomba la maji mjini hapa ni MUWSA, kule Arusha ni AUWSA, vijijini ni RUWASA. Nauli za daladala ni LATRA. Bei kikomo ya mafuta inatangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Andika orodha hiyo nyuma ya kalenda, ibandike ukutani. Nusu ya hasira ya wananchi wa nchi hii inapotelea kwenye mlango usio wake, na anayekaa nyuma ya mlango huo hana la kufanya zaidi ya kukuambia rudi kesho.

Barua ya pili niliiandika nikiwa nimeshapata akili. Kwanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba jambo la kalavati liwe ajenda ya mkutano, lenye namba yake. Hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Mikutano yetu ina ajenda ya mwisho inayoitwa mengineyo, na huko ndiko shida nyingi za watu huzikwa. Mengineyo inafika saa kumi na mbili jioni, akina mama wameshaondoka kwenda kupika, wazee wamechoka, mwenyekiti anaangalia saa. Utasema, watu watapiga makofi, na kwenye muhtasari itaandikwa "wananchi walitoa kero mbalimbali". Kero mbalimbali haina mwenyewe. Lakini kero yenye namba ya ajenda lazima iandikiwe azimio: nani afanye nini, mpaka lini.

Basi siku ya mkutano nikapita nyumba kwa nyumba asubuhi, mimi na mama wawili, kuita watu. Mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Si wa chama, wala si wa wenye nyumba peke yao. Wapangaji wengi hawalijui hilo, wanaona wao ni wageni. Tulifika wengi, vijana wa bodaboda nao wakaja, wakasimama kwa nyuma na pikipiki zao. Jambo likajadiliwa, likaandikwa.

Barua ikawa hivi. Juu kulia anwani na tarehe. Chini yake ofisi inayohusika. Kisha "Yah: Ombi la Matengenezo ya Kalavati Mbili". Kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ndiyo, andika hivyohivyo, ofisi zetu zina lugha yake na hakuna ubaya kuiheshimu. Aya ya kwanza tatizo na mahali lilipo, kwa alama ambazo dereva mgeni anaweza kuzifuata. Aya ya pili madhara: nyumba nne, tarehe, picha zilizoambatishwa. Aya ya tatu ombi, moja tu. Sikuweka taa za barabarani wala dampo wala mbwa wazururaji. Ukiomba mambo sita utajibiwa lile rahisi na mengine matano yatahesabiwa yamejibiwa. Mwisho saini za kaya 41, muhtasari wa mkutano, na "Nakala kwa:" mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa.

Nikachapa nakala mbili. Moja wakabaki nayo TARURA, nyingine wakaigonga muhuri wa kupokelewa, tarehe, saini. Hiyo nikarudi nayo nyumbani nimeishika kama cheti cha ndoa.

Walinipokea vizuri, niseme ukweli. Mhandisi mmoja kijana alikuja mpaka mtaani, akapima, akapiga picha zake. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: "Mama, mmekuja Juni. Bajeti imeshapita. Mngekuja Novemba mngekuwa mnaongea na penseli. Sasa hivi mnaongea na wino."

Maneno hayo nimewarudishia watu wengi dukani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Hotuba ya bajeti tunayoisikiliza redioni Juni ndiyo mwisho wa safari. Vipaumbele vinaanza kukusanywa kwenye mitaa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, vinapanda kwenye kata, vinakwenda kwenye baraza la madiwani, vinakwenda Dodoma. Sisi wananchi tunaamka Juni, tunapiga kelele wakati basi limeshafika Korogwe. Kama kuna tarehe moja ya kuweka kwenye simu yako kutokana na makala hii, iwe Oktoba: nenda kamuulize mwenyekiti wa mtaa wako vipaumbele vinajadiliwa lini.

Tulisubiri. Novemba 2023 tukarudi na muhtasari uleule na nakala ileile yenye muhuri. Safari hii kalavati zetu zikaingia kwenye orodha ya kata, diwani akazisemea. Kikao cha baraza la madiwani kilichofuata nilikwenda mwenyewe kusikiliza. Unaruhusiwa, ni mikutano ya wazi, unakaa upande wa wananchi, huongei ila unasikia. Nilimwona diwani wetu anageuka kuangalia tulipokaa kabla hajasimama kuzungumza. Tulikuwa watu watano tu. Siku nyingine mtaa wetu haujawahi kuwa na hata mmoja.

Mtaniuliza: huogopi? Swali hilo naulizwa sana, hasa na akina mama, na kwa sauti ya chini. Kwamba ukiuliza mapato na matumizi utaonekana mpinzani, mtoto wako atanyimwa barua ya utambulisho, utaandikwa mahali. Siwezi kumwambia mtu woga wake ni wa bure. Nasema tu nilivyofanya mimi. Nilikuwa naenda na wenzangu, kamwe si peke yangu. Nilikuwa nauliza swali lenye tarakimu badala ya tuhuma. Ukisema "mmekula hela zetu", umemvua mtu nguo hadharani na atajitetea mpaka kesho. Ukisema "Mwenyekiti, naomba kujua tangu Januari tumechanga ulinzi shirikishi kiasi gani, na walinzi wamelipwa kiasi gani", hapo umeuliza hesabu, na hesabu inajibiwa kwa hesabu. Na aliyekula, kama yupo, swali la pili linamsumbua kuliko la kwanza.

Tena haki hiyo imeandikwa. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Na hizi serikali za mitaa tusizichukulie kama kitu kilichokuwepo siku zote: zilifutwa mwaka 1972, nchi ikaendeshwa kutoka juu, mpaka zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: ukiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ya umma ina siku 30 kukujibu. Mimi nimeitumia mara moja, kuhusu pesa za ujenzi wa choo cha shule. Niliitaja sheria kwenye mstari mmoja, bila vitisho. Jibu lilikuja kwenye siku ya 26.

Mengine kwa kifupi. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kama mna kikundi, muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata, msimuulize mtu anayedai ada ya kuwajazia fomu. Ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inapatikana kwa Kiswahili, na huna haja ya kuisoma yote. Tafuta jina la halmashauri yako tu. EWURA na LATRA wanapotaka kubadili bei ya maji au nauli huita wananchi kutoa maoni. EWURA wanauita mkutano wa taftishi. Nilihudhuria mmoja. Viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu, na wiki iliyofuata nikasikia dukani kwangu watu wakisema hawakuulizwa.

Michango ya shule sitaisema leo, maana nikiianza sitamaliza. Itakuja na makala yake.

Septemba 2024 greda lilikuja mtaani kwetu. Kalavati ya kwanza ilijengwa upya, pana, na kuta za mawe. Watoto walikaa kutwa kwenye kifusi wakiangalia. Ya pili, ile ya karibu na kwangu, haikujengwa. Fedha iliishia pale. Vijana wa bodaboda walitaka tuandike kwenye kundi kwamba tumedanganywa, nikawaomba wanipe siku mbili. Nikaenda nikaomba maelezo ya maandishi, nikapewa, nusu ukurasa, na muhuri: kalavati ya pili itaombewa upya.

Masika yaliyofuata maji yalipita vizuri kule juu, yakaja kukwama kwangu. Nilikuwa nimeshaweka madaftari juu ya meza.

Barua mpya nimeichapa juzi, Yah: ileile, saini safari hii kaya 58. Jumamosi saa nane mchana tuna mkutano wa mtaa na jambo letu ni ajenda namba tatu. Nakala zote, tangu ile ya kwanza yenye muhuri, ziko ndani ya kopo la babu, ambalo shangazi alinikabidhi tulipomaliza arobaini. Risiti zake za kahawa sijazitoa. Nimeziweka chini, zangu juu.